Waandishi wa matangazo waketi na wanaotazama tamthilia

Kwa Mhariri,

Matangazo mengi ya biashara yanayotufikia huku Kisumu hutungwa na watu wanaojivunia kwamba hawatazami runinga. Nasema hivyo nikiwa mmoja wa wanaoishi kwa kazi hiyo, kwa maana huandika matangazo ya redio na ya mabango kwa niaba ya maduka ya vifaa vya ujenzi, wauzaji wa mitambo ya sola na wasagaji wa unga, kuanzia mjini hapa hadi Kakamega na Busia. Katika vikao vya kazi nimemsikia mara nyingi mtu akitamka, tena kwa madaha, kwamba tamthilia za saa moja na nusu jioni ni za yaya na mama mboga, kisha punde si punde mtu yuyo huyo akaanza kubuni maneno ya kumshawishi mama mboga anunue sabuni. Mimi naona tamthilia hizo ni mojawapo ya mahali rahisi zaidi pa kumjua mnunuzi, mradi mtu azitazame akiwa ameketi na wanaozipenda, na ajue kutofautisha yanayomhusu mtazamaji na yanayomhusu mtayarishaji wa kipindi.

Kujua kwamba wengi wanaonunua unga ni akina mama wa umri fulani na kipato fulani ni jambo la takwimu, na takwimu hununuliwa. Kinachomsaidia mwandishi wa tangazo ni kuelewa kwa nini mama huyo hununua pakiti ya kilo mbili dukani mwisho wa mwezi, hali katikati ya mwezi hubeba gorogoro lake la mahindi hadi kisiagi, na kati ya safari hizo mbili ni ipi ambayo angependa jirani aione. Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyowafanya Stephen King na Stanley Pollitt, kila mmoja katika kampuni yake ya matangazo jijini London, kuanzisha mwaka 1968 kazi ya mtu ambaye jukumu lake ni kumsemea mnunuzi kila tangazo linapobuniwa. Watu hao walitegemea hojaji na mazungumzo ya vikundi, mambo ambayo kampuni kubwa za Nairobi nazo huyagharamia. Mwenye duka la mabati pale Kibuye hana pesa za kulipia utafiti wa aina hiyo, na hata angekuwa nazo, mtu aliyeitwa hotelini akapewa soda na kuulizwa maoni yake hujibu kama mgeni. Akiwa nyumbani kwake mbele ya runinga hajibu mtu yeyote, na kwa hiyo husema kweli.

Uhusiano wa tamthilia na biashara si mpya. Nchini Marekani, michezo ya redio ya mfululizo ya miaka ya 1930 ilidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni, hasa Procter & Gamble, kwa sababu walijua mama wa nyumbani husikiliza redio huku akifua. Mfano unaonivutia zaidi, hata hivyo, ni wa Peru, ambako mwaka 1969 ilianza tamthilia iliyoitwa Simplemente María. Ilimhusu msichana aliyetoka mashambani akaenda mjini kuwa mfanyakazi wa nyumbani, akajifunza kusoma usiku, akajifunza kushona kwa cherehani ya Singer, na hatimaye akafanikiwa kwa ushonaji wake. Mauzo ya cherehani za Singer yalipanda katika nchi ambako tamthilia hiyo ilionyeshwa, na wasichana wengi walijiandikisha katika masomo ya kusoma na ya kushona.

Wenzangu wakisimuliwa kisa hicho huona kwamba ukiweka bidhaa yako mkononi mwa mwigizaji, itanunuliwa. Nadhani wanakisoma vibaya. Cherehani ilikuwa mezani kwa watu wengi tangu zamani, na sura ya mwigizaji pekee haingeifanya kuwa kitu kipya. Kilichowagusa wasichana wale ni kuona njia: kwamba yupo mtu wa kiwango chao, anayelala katika chumba cha nyuma cha nyumba ya tajiri, ambaye kwa chombo kinachonunulika alijitoa pale alipokuwa bila kuolewa na mwenye pesa na bila kurithi. Muuzaji aliyeielewa shauku hiyo angeweza kuuza cherehani, kozi ya ususi au hata akaunti ya akiba. Aliyeona cherehani tu angeuza cherehani hadi tamthilia ilipokwisha.

Wataalamu wa afya waliliona hilo mapema kuliko wafanyabiashara. Mwaka 1987 Kenya ilikuwa na tamthilia ya runinga iitwayo Tushauriane, na mchezo wa redio uitwao Ushikwapo Shikamana, vyote vikikusudiwa kuzungumzia upangaji uzazi kwa kufuata mtindo uliobuniwa na mtayarishaji wa tamthilia Miguel Sabido wa Mexico, ambaye naye alikuwa ameichunguza tamthilia ile ya Peru. Baadaye wakulima wakapata kipindi chao cha runinga, Shamba Shape Up, kilichoanza mwaka 2012. Sisi wa matangazo ya biashara tumebaki kuichukulia tamthilia kuwa nafasi ya kupachika tangazo la sekunde thelathini, basi.

Nitoe mfano wa karibu. Wasomaji wako wengi wanaikumbuka Papa Shirandula, iliyoonyeshwa na Citizen TV kwa miaka mingi, na mhusika wake mkuu aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, mwana wa Busia aliyetuacha Julai 2020. Papa alikuwa bawabu, lakini mkewe Wilbroda aliaminishwa kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Mkuu wa kampuni anaweza kuitazama hadithi hiyo akaona kichekesho cha mlinzi mjanja. Mtu aliyekulia Funyula, Butere au Siaya anaona jambo jingine kabisa, kwa kuwa anawajua watu walioondoka na basi la usiku kwenda Nairobi, ambao nyumbani wanasemekana kuwa na kazi nzuri na hakuna anayethubutu kuuliza ni kazi gani. Tulicheka kwa sababu kila tulipokaribia kuona sare yake ikifichuliwa mbele ya mke, tulimwogopea. Hadhi ya mtu mbele ya watu wa nyumbani ni mali, na watu wako tayari kuigharamia hata pale ambapo hawana.

Sasa linganisha hilo na matangazo ya kutuma pesa tunayoonyeshwa. Kijana mwenye shati safi anabonyeza simu, mama kijijini anapokea ujumbe, wote wanatabasamu. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 kwa wito wa kutuma pesa nyumbani, wito huo peke yake ulitosha, maana ulilipa jina jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya kwa kuwapa bahasha makondakta. Miaka imepita na kila mtu hutuma. Kisichowahi kuonyeshwa ni simu inayotangulia: ile inayoita mara mbili bila kupokewa, kwa sababu anayepigiwa anajua ni ya nyumbani, anajua ni ya karo au ya matanga, na bado hajapata. Baada yake kuna kiasi kidogo kinachotumwa pamoja na maneno "nitaongeza wiki ijayo". Tangazo litakaloonyesha mia tatu ikitumwa bila aibu, na kupokewa bila malalamiko, litasikilizwa huku kuliko lile la elfu kumi.

Kuhusu namna ya kutazama, ninayo kanuni moja tu ninayoiamini: chunguza kile ambacho mwandishi wa tamthilia hakuona haja ya kukieleza. Mhusika akifungua mlango akamkuta mgeni, na bila neno akaenda kuongeza maji katika sufuria ya chai, hakuna mtazamaji anayeuliza kwa nini. Msanifu wa jukwaa akitaka ujue kwamba nyumba ni ya watu wa kawaida, hutandika vitambaa vya kufuma juu ya makochi, na akitaka ujue kwamba ni ya tajiri wa mtaa wa kifahari, huviondoa. Katika jikoni la mtaa, mafuta ya kupikia yamo katika chupa iliyokuwa ya kitu kingine, kwa sababu yalinunuliwa kwa kupimwa. Ajabu ni kwamba katika tangazo la mafuta hayo hayo, linalopita dakika chache baadaye, mama ana mtungi wa lita tano ulio mpya, meza ya marumaru, na watoto wawili wanaokula wakiwa wamevaa sare za shule jioni! Mtayarishaji wa tamthilia amemwona mnunuzi. Aliyemlipia muda wa hewani hajamwona.

Kanuni hiyo haitoshi bila masikio. Kuna mkahawa mdogo pale Kondele ambao runinga yake imefungiwa juu ukutani, karibu na orodha ya bei za chai na mandazi, na ambako jioni huketi wauzaji wa omena, wanabodaboda wawili watatu, na wasichana wa saluni ya jirani. Jioni moja kilionyeshwa kile kitendo ambacho tamthilia zote hukirudia: mama tajiri anamsukumia msichana maskini bahasha nono ili amwache mwanawe. Sauti ya runinga haikusikika tena.

"Chukua, binti! Karo ya mdogo wako italipwa na nani?" alipaza sauti muuza omena mmoja.

Msichana wa saluni akamjibu bila kugeuka, "Mama, akiichukua amejiuza."

Aliyelimaliza jambo ni mwenye mkahawa mwenyewe, aliyekuwa akipangusa meza. Alisema msichana aichukue, lakini amwandikie yule mama karatasi kwamba ni mkopo na atalipa. Wote wakakubali, hata waliokuwa wakizozana, na mmoja wa wanabodaboda akaongeza kwamba hapo hakuna wa kumtukana kesho.

Wakati huo nilikuwa na mteja aliyeuza mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambayo katika vijiji vyetu vingi ndiyo iliyoleta runinga kabla ya nguzo za umeme kufika. Tangazo tulilomwandikia lilisifu udogo wa malipo ya kila siku. Baada ya jioni ile nilimshauri tulibadilishe lisifu siku ya mwisho ya malipo, yaani siku ambayo mtu hadaiwi tena na mtambo ni wake, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba deni lenye mwisho ni heshima, na msaada usio na mwisho ni fedheha. Sitadai kwamba mauzo yalipanda kwa ajili ya maneno hayo pekee, maana msimu wa mavuno ulikuwa umeanza. Ninachojua ni kwamba watu walianza kuingia dukani wakiuliza tarehe ya kumaliza kabla ya kuuliza bei.

Hata hivyo, runinga si kioo cha kuaminika kila mahali, na mtu akiitumia kwa pupa atapotoka. Kwanza, mengi yanayoonekana yamelipiwa. Mhusika akiinua chupa ya soda huku lebo ikielekea kamera, hapo hakuna la kujifunza kuhusu unywaji wa soda. Pili, tamthilia zinazotoka ng'ambo zikitiwa sauti zinaweza kukueleza watu wanatamani nini, lakini hazikuelezi wanapika nini. Tatu, na hili linaniudhi zaidi, tamthilia zetu nyingi huwekwa Nairobi au Pwani, na mtu wa magharibi mwa Kenya huingia humo akiwa mlinzi, mpishi au yaya, lafudhi yake ikitangulia kabla ya jina lake. Papa Shirandula alivuka hapo kwa sababu alipewa nyumba, mke, hofu na akili. Marehemu Benson Wanjau naye, aliyefariki Julai 2015, hakuwa Mjaluo, lakini kwa miaka mingi alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo akiwa Mzee Ojwang' katika runinga ya taifa, KBC, na wengi wetu huku tulimpenda, kwani lafudhi ile ilibeba mtu mzima mwenye hasira zake na hekima yake. Matangazo huazima lafudhi na kumwacha mtu. Nimeletewa zaidi ya mswada mmoja kutoka Nairobi ambamo Mluhya anasifia ugali kwa sauti ya kuchekesha, na nikaulizwa tu kama matamshi yameandikwa sawasawa. Anayeandika hivyo amemchukua Mluhya kutoka kwenye kioo cha runinga bila kumuuliza Mluhya aliyeketi mbele yake.

Wapo pia wasiotazama kabisa. Wavuvi wa omena huingia ziwani na taa zao wakati wa giza la mwezi, na saa moja na nusu jioni wanashughulika na nyavu. Anayetaka kuwauzia majaketi ya kuokolea maisha au betri za taa itambidi aende Dunga au Usenge asubuhi, boti zinaporudi, na runinga haitamfaa kitu. Wazee wengi wa vijijini bado ni watu wa redio za lugha zao.

Lipo pia swali ambalo wanafunzi wa kazi hii huniuliza, nalo ni kama si ulaghai kumchunguza mtu anapocheka na kulia, kisha ukarudi kumuuzia kitu kwa machozi yake. Jibu langu ni kwamba ujuzi ule ule hutumika kwa njia mbili, na tumeziona zote. Kabla ya sheria ya mwaka 2021 kuipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka ya kuwasimamia wakopeshaji wa kidijitali, baadhi yao walizoea kuwapigia simu jamaa na marafiki waliomo katika simu ya mdaiwa na kuwatangazia deni lake. Waliofanya hivyo walimfahamu mnunuzi wa Kenya barabara. Walijua kile kile ambacho Papa Shirandula alikijua, kwamba mtu ataogopa kuaibika mbele ya shemeji kuliko kuogopa mahakama, nao wakakigeuza kuwa rungu. Matangazo ya kamari nayo, yanayomwonyesha kijana akirudi kijijini na gari kubwa, yanafinya kidonda hicho hicho. Mimi hupima kwa swali jepesi: je, tangazo hili ningeweza kulisoma kwa sauti pale mkahawani Kondele, mbele ya watu walionifunza nilichokiandika, bila kuangalia chini? Kuna kazi mbili nilizozikataa kwa kipimo hicho, na sikufa njaa.

Inasikitisha kwamba haya hayajadiliwi kwa Kiswahili, wala hayaandikwi na watu wa huku. Tangu tamthilia yetu ya Maria ilipoanza mwaka 2019, ikafuatwa na Zora, kisha Sultana, mamilioni ya maneno yamesemwa kuhusu tamthilia hizi, na sehemu kubwa ilikuwa ni kuhusu mwigizaji gani ameachana na nani, amenunua gari gani na amevaa nini harusini. Kurasa za burudani za gazeti lako, Mhariri, hazijaepuka mkumbo huo. Ni mara chache sana nimesoma uchambuzi unaouliza kwa nini mhusika fulani, aliyeandikwa ili achukiwe, ameishia kupendwa na wauza mitumba, au kwa nini kitendo fulani kiliwafanya watu wazime runinga kabla ya kipindi kwisha. Mchambuzi wa fasihi angefaidika na maswali hayo, mwenye biashara angefaidika, na watayarishaji wenyewe wangejua kwamba huku kuna watazamaji wenye maoni.

Kwa hiyo naomba utenge safu moja kwa wiki kwa kazi hiyo, na uwape wanafunzi wa mawasiliano na wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro nafasi ya kuiandika kwa zamu. Sharti liwe moja: aliyetazama peke yake chumbani asiandike. Aandike aliyetazama na watu, na atutajie walisema nini, walicheka wapi na walibishania nini, bila kuwataja kwa majina. Mtaani kwangu na katika masoko ya Busia na Mbale mikahawa yenye runinga ni mingi, na chai haizidi bei ya nauli ya matatu ya kwenda mjini. Anayetaka kuonyeshwa pa kuanzia, mimi niko tayari kuongozana naye.

Mwandishi wa matangazo ya biashara,
Kisumu